Foleni Fupi Haiji Bure

Hakuna apendaye foleni. Iwe ya maji, ya benki, ya hospitali au ya matatu mkesha wa Krismasi, kila mmoja wetu akijikuta nyuma ya watu mia moja hutamani aitwe kwa jina apitishwe kando. Katika viwanja vya ndege vya mataifa makubwa, tamaa hiyo imegeuzwa kuwa mpango kamili wa serikali. Wapo abiria ambao hawavui mshipi, hawatoi tarakilishi mkobani, wala hawahojiwi na afisa wa uhamiaji kwa muda mrefu. Hao si mabalozi wala mawaziri. Ni watu wa kawaida waliokubali kuchunguzwa mapema, majina yao yakaandikwa katika daftari la wasafiri wanaoaminiwa.

Ndugu msomaji, najua utaniuliza: hayo yanamhusu nini mtu wa Kenyenya? Soko hilo la Kaunti ya Kisii halina uwanja wa ndege, na wengi wa wanaopita pale asubuhi wanawaza bei ya ndizi na majani chai, si ndege za kwenda ng'ambo. Lakini hebu zunguka vijiji vyake uulize. Utaambiwa huyu ana binti muuguzi Minnesota, jimbo la Marekani ambako Wakisii wengi wamefanya makao. Yule ana kijana mlinzi Dubai. Wa tatu ni mama wa biashara ambaye hushuka hadi barabara kuu ya Kisii kwenda Migori, akaendelea mpaka Isebania, akavuka kuingia Tanzania kutafuta mahindi au vitunguu. Wote watatu, kila mmoja kwa njia yake, hufika mbele ya meza ambapo mtu aliyevaa sare huwauliza: wewe ni nani, unatoka wapi, umebeba nini?

Jibu la swali hilo ndilo hugawa watu katika foleni mbili, ndefu na fupi. Tuangalie basi foleni hiyo fupi ilitoka wapi, nani huruhusiwa kuipita, na ni kwa nini mama wa Isebania bado yuko katika ile ndefu.

MAMBO YALIYOTUFUNZA KUVUA VIATU

Vijana wanaosoma makala haya huenda wasiamini kwamba zamani mtu alisindikizwa hadi karibu na ndege, akapungiwa mkono huku bado anatafuna muwa. Mambo yalibadilika hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuja baada ya kilio.

Sisi Wakenya tulionja uchungu huo mapema. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na watu zaidi ya 200 wakafa. Miaka minne baadaye, tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ililipuliwa Kikambala, na siku iyo hiyo makombora yakarushwa kuilenga ndege ya abiria ya Israeli iliyokuwa ikipaa kutoka Mombasa. Kwa bahati makombora hayo yaliikosa.

Kati ya misiba hiyo miwili ndipo yalipotokea mashambulizi ya Septemba 11, 2001 huko Marekani. Novemba mwaka huo serikali ya nchi hiyo ikaunda idara mpya ya usalama wa usafiri, TSA, kuwakagua abiria katika viwanja vyote. Desemba akakamatwa mtu ndani ya ndege akijaribu kuwasha kilipuzi alichokificha kiatuni, na baada ya muda abiria wakaanza kuvuliwa viatu. Agosti 2006 polisi wa Uingereza wakavunja njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji vilivyotiwa katika chupa za vinywaji. Hapo ndipo ilipokuja sheria ya mililita 100, ile ambayo imewafanya akina mama wengi kuacha chupa za asali na mafuta ya nywele mezani huku wakinung'unika.

Kila kosa la mtu mmoja likawa adhabu ya mamilioni. Kufikia mwaka wa 2010 hivi, wakubwa wa usalama walikuwa na tatizo jipya: watu walikuwa wengi, mashine chache, na maafisa wamechoka. Mkaguzi aliyechoka haoni. Ikabidi watafute akili nyingine.

UNGO WA MAMA

Akili hiyo kila mama wa Gusii anaijua, ingawa hajawahi kuiita jina kubwa. Anapopepeta wimbi ungoni hashiki punje mojamoja na kuichungulia. Akifanya hivyo kutakucha bado watoto hawajala. Punje safi huziacha zikusanyike upande mmoja, macho na vidole akavipeleka pale penye makapi na vijiwe.

Mipango ya wasafiri wanaoaminiwa ni ungo wa namna hiyo. Serikali husema: huyu tunamjua. Ameleta jina lake, alama za vidole, picha ya uso na historia ya maisha yake. Tumemtafuta katika madaftari ya polisi, ya forodha na ya uhamiaji tusipate baya. Tumemkalisha kitako tukamhoji. Basi na apite upesi, ili nguvu zetu tuzipeleke kwa wale tusiowajua.

Marekani ina mipango kadhaa ya aina hii, lakini miwili ndiyo inayotajwa sana katika familia zetu. Wa kwanza unaitwa Global Entry, ulioanza kujaribiwa mwaka wa 2008. Huu ni wa mtu anayeingia Marekani kutoka nje. Badala ya kusimama katika foleni ya uhamiaji, mwanachama hupigwa picha ya uso na mashine, taarifa zake zikatokea kwa afisa, na aghalabu huenda zake. Wa pili ni TSA PreCheck, ulioanza mwaka wa 2011. Huu ni wa ukaguzi wa kabla ya kupanda ndege: mwanachama hubaki na mshipi na koti lake jepesi, na tarakilishi na chupa zake ndogo hazitolewi mkobani.

Bei yake si ya kutisha kwa mtu anayelipwa kwa dola. Tangu Oktoba 2024 Global Entry imekuwa dola 120, na PreCheck haifiki dola 90. Kila mmoja hudumu miaka mitano, na aliye na Global Entry hupata PreCheck ndani yake. Mtoto wa miaka 12 na chini huweza kupita na mzazi wake katika mstari wa PreCheck, lakini kwa Global Entry kila mtoto lazima aandikishwe kivyake.

Hata hivyo, msomaji, usidhani kwamba aliyeandikishwa amepewa kinga. Kompyuta huweza kumchagua siku yoyote bila sababu akakaguliwa kama wengine. Akipatikana na hatia mahakamani, akidanganya katika fomu, au akivunja sheria ya forodha hata kwa kitu kidogo, jina hufutwa. Kuaminiwa huko ni kwa mkopo.

MLANGO HAUMFUNGUKII KILA MTU

Sasa tuje kwa jambo linalozua mabishano mezani. Binti amepiga simu kutoka Minneapolis: "Mama, nimewatumia tiketi, wewe na Baba. Mimi nina Global Entry, napita kwa dakika tano. Nanyi fanyeni hivyo hivyo."

Haiwezekani. Global Entry ni ya raia wa Marekani, ya wageni wenye ukaazi wa kudumu, yaani wenye ile kadi ya kijani, na ya raia wa nchi chache zilizopatana na Marekani. Ndani ya orodha hiyo utaikuta Uingereza, Ujerumani, India, Korea Kusini na Singapore. Kenya haimo. PreCheck nayo ni ya raia wa Marekani na wakaazi wa kudumu. Kwa hiyo yule binti, akiwa na kadi ya kijani na pasipoti yake ya Kenya, huruhusiwa kuomba. Lakini mzazi anayekwenda kutembea kwa viza, hata awe mzee wa kanisa ambaye hajawahi kufika kituo cha polisi, atapanga foleni.

Je, huu ni ubaguzi? Wapo wanaosema ndiyo. Hoja yao ni kwamba mwizi wa Ulaya mwenye pasipoti nzuri hutazamwa kwa jicho la upole kuliko mkulima mwaminifu wa Kiafrika. Wapo wanaosema la: serikali haiwezi kumdhamini mtu ambaye rekodi zake haina njia ya kuzisoma, na ndiyo maana hutia sahihi mapatano na nchi moja moja. Mimi naona pande zote mbili zina chembe ya ukweli. Uaminifu wa mtu hupimwa kwa makaratasi ya nchi yake. Nchi ikiwa na rekodi zinazoaminika, raia wake hupumua. Rekodi zikiuzwa uchochoroni, anayeumia ni yule asiye na hatia.

Tuliliona hilo wakati wa Korona. Vyeti bandia vya vipimo vilipozagaa, Kenya iliwataka wasafiri wa ndege vyeti vyao vithibitishwe katika mfumo wa Umoja wa Afrika uliopewa jina la Trusted Travel. Aliyepimwa kwa haki alilazimika kuhangaika na tarakimu za siri kwa sababu ya mwenzake aliyenunua karatasi. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Lakini pia tumeona upande wa pili. Kenya ilianza kutoa pasipoti mpya ya kielektroniki ya Afrika Mashariki tarehe 1 Septemba 2017, yenye kidude ndani kinachohifadhi picha na maelezo ya mwenyewe. Februari 2017 Kenya ilipewa na Marekani daraja la kwanza la usalama wa anga, na Oktoba 28, 2018 ndege ya Kenya Airways ikapaa kwa mara ya kwanza kutoka Nairobi moja kwa moja hadi New York. Hayo hayakupatikana kwa kulalamika. Yalipatikana kwa kurekebisha milango, mashine na makaratasi.

Na hapo Dubai? Yule kijana mlinzi wa Kenyenya akishapata kitambulisho cha ukaazi wa Emirates, huruhusiwa kupita katika malango ya mashine yanayomtambua kwa uso. Hahitaji kuwa tajiri wala raia. Huko anatambuliwa kwa sekunde kadhaa. Kumbuka jambo hilo, maana tutalirudia tukifika Isebania.

MAMA WA ISEBANIA

Mpaka wa Isebania na Sirari uko mbali na mashine hizo za Dubai, lakini historia yake ni ndefu kuliko zote tulizotaja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyoundwa mwaka wa 1967, ilivunjika mwaka wa 1977, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa tena mpaka Novemba 1983. Jamaa waliooana pande zote mbili walivukana kwa njia za panya, na njia hizo hazijasahaulika mpaka leo.

Jumuiya ilipofufuliwa kwa mkataba wa Novemba 1999, ahadi ilikuwa kurahisisha mambo. Baadhi ya ahadi zimetimizwa. Mwaka wa 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubali raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa tu. Tanzania haikujiunga na mpango huo, kwa hiyo Mkenya anayeingia Sirari hutakiwa kuwa na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Afisa wa afya naye huweza kumwuliza cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Kuna pia vituo vya pamoja vya mpakani, na Isebania ni kimojawapo, kama Busia, Malaba, Namanga na Taveta. Zamani ulikaguliwa upande wa Kenya, ukatembea, ukakaguliwa tena upande wa Tanzania. Katika kituo cha pamoja unavuka moja kwa moja hadi jengo la nchi unayoingia, na humo maafisa wa nchi zote mbili wamekaa chini ya paa moja. Unasimama mara moja. Ni jambo jema, na kwa malori limepunguza siku za kungoja.

Malori yana neema nyingine. Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, na wenzao wa nchi jirani wana mpango wa wafanyabiashara wanaoaminiwa. Kampuni inayoweka vitabu vyake sawa, inayolipa ushuru kwa wakati na ambayo ghala lake lina ulinzi mzuri, huandikishwa, na mizigo yake haifunguliwi kila mara. Ni ule ule ungo wa mama, ila sasa unapepeta makontena.

Je, mama mwenye magunia manne? Yeye pia amewekewa utaratibu, ingawa wengi hawaujui. Bidhaa zilizokuzwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, huweza kupewa cheti rahisi cha asili pale pale mpakani, na kwa cheti hicho halipishwi ushuru wa forodha. Magunia manne ya mahindi hayakaribii dola 2,000. Lakini mama akifika akiwa hajui, hukutana kwanza na kijana asiye na sare anayemwambia, "Nipe kitu kidogo nikupitishe." Hutoa pesa ambazo hakudaiwa, akavushwa kwa njia ya panya kitu ambacho sheria ilimruhusu kukipitisha mlangoni kichwa juu. Siku akikamatwa, amekwisha kuwa mhalifu.

Hapo ndipo kilipo kiini cha makala haya. Kampuni kubwa ikipita Isebania mara mia bila kosa, kuna daftari linaloandika hivyo, na mara ya mia na moja hupita upesi. Mama akipita mara mia bila kosa, hakuna aliyeandika. Mara ya mia na moja bado ni mgeni. Kijana wake anatambuliwa Dubai kwa sekunde, naye hatambuliwi kilomita chache kutoka nyumbani na afisa aliyemwona wiki iliyopita.

Tena anayeaminiwa kwa mdomo tu huweza kunyimwa imani hiyo kwa barua moja. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu. Baada ya siku chache marufuku iliondolewa, lakini kwa masharti: waagizaji wajiandikishe, mahindi yawe na cheti cha kiwango cha sumu hiyo na cheti cha asili. Wenye ofisi walitimiza masharti. Wenye magunia manne walibaki wakiulizana cheti hicho hutolewa wapi.

ALAMA ZA VIDOLE ZA BABU

Kuna mzee atakayesoma makala haya akatikisa kichwa. Kwake, serikali kuchukua alama za vidole si jambo jipya wala la heshima. Sheria ya mwaka wa 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika kubeba kipande, cheti chenye alama za vidole vyake, kilichotiwa katika kikasha cha bati na kuvikwa shingoni. Kipande kilimwandika mtu ili asiweze kutoroka kazi ya mzungu. Kilikuwa daftari la wasioaminiwa.

Kwa hiyo tusipokee kila mashine kwa vigelegele. Kabla hujatoa uso wako na vidole vyako, una haki ya kuuliza: nani ataviweka, kwa muda gani, na kwa kazi gani? Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, nayo inampa kila mtu haki ya kuuliza maswali hayo. Tofauti kati ya kipande na mpango wa haki ni hizi mbili: wewe mwenyewe umekubali, na wewe mwenyewe unafaidika. Kimoja kikikosekana, tuwe macho.

KWA FAMILIA INAYOFUNGA SANDUKU

Wakati tukingojea wakubwa watengeneze madaftari, yapo mambo yaliyo mikononi mwetu. Mengi ya maudhi ya viwanja vya ndege huanzia nyumbani, kitandani penye sanduku.

Kwanza, majina. Jina lililo katika tiketi liwe ndilo lililo katika pasipoti, herufi kwa herufi. Wazee wetu wengi wana jina moja la ubatizo katika kitambulisho na jingine katika cheti cha kanisa, na tarehe ya kuzaliwa iliyokisiwa. Rekebisheni kabla ya kununua tiketi. Siku hizi hakuna haja ya kulala Nairobi kwa sababu ya pasipoti, kwa kuwa ofisi ya Kisii Mjini hupokea alama za vidole za waombaji.

Pili, chakula. Mapenzi ya mama hupimwa kwa uzito wa sanduku: unga wa wimbi, chinsaga iliyokaushwa, ndizi, na nyama aliyoikausha mwenyewe. Marekani haikubali nyama kutoka kwetu, na matunda na mboga mbichi kwa kawaida hunyang'anywa. Kila kitu kinacholiwa kitajwe katika fomu na kwa mdomo. Ukikitaja, kibaya zaidi ni kutupwa. Ukikificha, faini huanzia dola 300. Na kama binti aliyekuja nyumbani likizo ndiye aliyefichiwa nyama hiyo sandukuni, huweza kupoteza Global Entry yake kwa ajili ya mfupa mmoja. Mama, mwambie mwanao kila ulichomfungia.

Tatu, mawe. Watu wetu hupenda kupeleka zawadi za vinyago vya mawe ya Tabaka. Ni zawadi nzuri, lakini jiwe zito katika mashine ya eksirei huonekana kama doa jeusi lisilopenyeka, na mkaguzi hulazimika kufungua. Kiweke kinyago juu, ukikizungushia kitambaa kinachofunguka kwa urahisi, si chini ya nguo zote.

Nne, wazee. Mzazi ambaye miguu imechoka aombewe kiti cha magurudumu tangu siku ya kununua tiketi. Hakilipiwi. Mhudumu humsukuma toka mlango hadi mlango, humsaidia katika foleni, na mzee ambaye Kiingereza chake si kingi hapotei. Mwandikieni katika karatasi anwani kamili na nambari ya simu ya mwenyeji wake. Akiulizwa anakwenda kufanya nini, aseme lililo kweli kwa maneno machache. Asipoelewa swali, aseme hajaelewa na aombe mkalimani. Kuitikia "yes" kwa kila swali kumewatia wengi taabuni.

Tano, watoto waliozaliwa ng'ambo. Mjukuu mwenye pasipoti ya Marekani pekee huhitaji kibali cha kielektroniki kabla ya kuja Kenya, utaratibu ulioanza Januari 2024 mahali pa viza. Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo wazazi wanaweza kumwombea pia pasipoti ya Kenya, akaingia nyumbani kwao kama mwenye nyumba.

Sita, viatu. Tangu Julai 2025 abiria wa kawaida katika viwanja vya Marekani hawalazimiki tena kuvua viatu. Viwanja vingine vina sheria zake. Vaeni viatu vya kuvulika upesi, na soksi zisizotoboka.

Na wewe mama wa Isebania: pita mlangoni. Omba cheti rahisi cha asili kwa jina lake, weka nakala ya kila cheti, andika tarehe. Kama mko kumi mnaosafiri pamoja kutoka Kenyenya, fanyeni kikundi na mkiandikishe. Siku serikali itakapoamua kufungua daftari la wafanyabiashara wadogo wanaoaminiwa, mtafika na rundo la vyeti vya miaka mitatu na kusema: sisi hawa hapa.

Kwa nini siku hiyo isiwe karibuni? Mashine zipo. Vitambulisho tunavyo. Simu za mkononi zenye pesa ndani zinajua mama huyu hununua nini na lini. Maofisa wa Jumuiya waliokwisha kuandika sheria ya vituo vya pamoja, ile ya mwaka wa 2016, hawawezi kushindwa na daftari la akina mama wa magunia manne. Kinachotakiwa ni mtu ofisini kuamini kwamba uaminifu wa mtu mdogo nao unastahili kuandikwa.

Msomaji, kama nyumbani kwenu yuko anayejiandaa kusafiri, msomee sehemu ya sanduku leo baada ya chakula cha mchana. Kama yuko anayevuka Isebania, msomee sehemu ya dola 2,000 mara mbili. Asiyejua haki yake huinunua.